Visivyo na betri hula kwa jirani: boksi la DI, kikuzaji cha maikrofoni na MIDI isiyo na waya katika kwaya ya Moshi

Vifaa vitatu ninavyovieleza hapa vinaenea vyote katika mfuko wa koti, na hakuna hata kimoja chenye waya wa kwenda ukutani. Cha kwanza ni boksi la DI, yaani kisanduku kinachoifanya ishara ya gitaa au kinanda iweze kuingia kwenye tundu la maikrofoni la miksa; letu ni la Behringer, liitwalo Ultra-DI DI100, cha pili ni kikuzaji cha maikrofoni kiitwacho Cloudlifter CL-1, na cha tatu ni kipachiko cha MIDI isiyo na waya (MIDI ni lugha ya maagizo kati ya vinanda na kompyuta) cha kampuni ya CME, WIDI Master. Nimevitumia kwa takribani miezi minane katika kwaya ya usharika wetu hapa Moshi, yaani kanisani, kwenye mazoezi ya katikati ya juma na mara kadhaa katika mikutano ya injili ya uwanjani, na ninaandika kama fundi mitambo aliyechoka kununua betri za volti 9.

Uchovu huo ulikuwa na sababu. Gitaa letu la nyuzi za chuma lilikuwa likipita katika boksi la zamani lililokula betri, na betri ile ilikuwa na tabia ya kuishiwa nguvu katika ubeti wa tatu wa wimbo wa sadaka, wakati waumini wote wamesimama na mimi siwezi kuvuka madhabahu nikiwa na bisibisi mkononi. Haikuzimika ghafla, jambo ambalo lingekuwa heri. Ilianza kukwaruza, kisha gitaa likasikika kana kwamba linapigwa ndani ya debe. Ndipo nikapanda Coaster kwenda Arusha, kwenye duka la vyombo vya muziki ambako muuzaji, kijana mchangamfu, aliniwekea boksi mezani na kusema, “Fundi, hiki hakili umeme kabisa. Chomeka, piga.”

Nilicheka moyoni, kwa kuwa hakuna kifaa chenye transista ndani yake kisichokula. Tofauti ni kwamba kinakula kwenye sahani ya jirani, na jirani huyo ni miksa, kinanda au kompyuta. Tulipofika Boma Ng'ombe nilikuwa nimekwisha kuandika nyuma ya tiketi swali ambalo nilipaswa kuliuliza dukani: miksa yetu ina chakula cha kutosha kumlisha mgeni huyu? Kila nitakachosema kuhusu ubora wa vifaa hivi kinategemea jibu la swali hilo, na ndiyo maana nitakaa kwanza kwenye umeme wenyewe.

Boksi la DI na kikuzaji vinatumia umeme wa fantomu, ule unaowashwa kwa kitufe kilichoandikwa 48V. Wenye umri wangu wanaikumbuka simu ya mezani, ambayo iliendelea kufanya kazi hata taa za nyumba nzima zilipozimika, kwa sababu chakula chake kilitoka kwenye mtambo wa simu kupitia nyaya zilezile mbili zilizobeba maneno, nacho kilikuwa volti zipatazo 48. Fantomu ni ndugu wa mpango huo. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilipoliuzia shirika la utangazaji la Norway maikrofoni zake mpya za transista, KM 84, studio za huko tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, basi maikrofoni zikatengenezwa zile kutoka hapohapo. Namba 48 iliyoko kwenye miksa yako leo imetoka kwenye taa hizo.

Waya wa maikrofoni wa XLR una pini tatu. Pini ya 1 ni ngao, nayo hurudisha umeme. Pini za 2 na 3 hubeba sauti, moja ikipanda pale nyingine inaposhuka. Miksa hupeleka volti 48 kwenye pini ya 2 na pini ya 3 kwa pamoja, kila moja kupitia rezista yake, yaani kipande kinachobana umeme, ya kilo-omu 6.8. Mfikirie mtu aliyebeba mzega wa ndoo mbili za maji begani: akipanda ngazi moja, ndoo zote mbili zinapanda pamoja, na mzega haulali upande wowote. Maikrofoni ya kawaida ya dainamiki, ile isiyohitaji umeme, husikiliza tofauti kati ya ndoo na ndoo tu, kwa hiyo haijui kabisa kwamba mbebaji amepanda ghorofani. Kifaa kinachohitaji umeme, kwa upande wake, hupima kutoka kwenye ndoo hadi chini, kikazikuta volti zake pale. Jina fantomu, yaani mzuka, linatokana na kutoonekana huko.

Hizo rezista mbili ndizo zinazoamua ukubwa wa sahani. Zikifanya kazi sambamba huwa kilo-omu 3.4, maana yake kila miliampea moja inayoliwa hupunguza volti 3.4. Kifaa kinachokula miliampea 4 hakibakiwi na volti 48, kinabakiwa na 34 na kidogo. Hata ukiunganisha pini zote kwa makosa, rezista hazitaruhusu zaidi ya miliampea 14 hivi kupita, na ndiyo sababu waya uliokatika ndani mara nyingi hauunguzi miksa. Viwango vya kimataifa huruhusu kifaa kimoja kula hadi miliampea 10 na huitaka miksa itoe volti 48, ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa volti 4. Vipo pia viwango vidogo vya volti 12 na 24, navyo nitavirudia, kwa sababu vimenitesa.

Sasa DI100. Ni kisanduku cha chuma chenye kona za mpira, na kona hizo nimeziheshimu tangu siku kilipoanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao na kuendelea na kazi. Kina kitufe cha kukata muungano wa ardhi ili kuondoa mvumo, na vitufe vya kupunguza ishara kwa desibeli 20 na 40. Kinaweza kutumia betri ya volti 9 au fantomu, na fantomu ikiwashwa betri hukatwa yenyewe. Kimeandikiwa kukubali fantomu ya kuanzia volti 18 hadi 48, jambo ambalo ni uungwana mkubwa ukilinganisha na maboksi kama Radial J48, ambalo ni zuri sana lakini limejengwa kwa ajili ya volti 48 na halina nafasi ya betri. Kanisani, kwenye miksa kubwa, sina la kulalamika. Gitaa linatoka safi, nyuzi za juu hazijakatwa, na tangu nilipokifunga sijafungua kifuniko cha betri isipokuwa mara moja, kuitoa ile betri yenyewe. Nawashauri wote mfanye hivyo, kwa sababu betri iliyosahauliwa ndani ya boksi hutoa majimaji, na majimaji hayo hula chuma bila haraka yoyote.

Uwanjani ilikuwa habari nyingine. Tulikwenda Pasua kwa mkutano wa siku tatu tukiwa na miksa ndogo ya kubebeka, ambayo sitaitaja jina, yenye kitufe kizuri chekundu kilichoandikwa 48V. Siku ya kwanza gitaa lilisikika kwa namna ileile ya debe niliyoikimbia, na mpiga gitaa akaniangalia kana kwamba nimemtia aibu mbele ya mji mzima. Usiku ule, kwa mwanga wa simu, nilichukua waya mfupi wa XLR, nikafungua plagi yake, nikalehemu vijiwaya viwili vya kupimia kwenye pini ya 1 na ya 2, na kuweka mita. Waya ukiwa umechomekwa kwenye miksa tu, bila boksi, mita ilisoma volti 21. Nilipochomeka boksi la DI, ikashuka hadi 13. Kitufe kilisema 48. Ndani kulikuwa na kitu kama kile kiwango cha volti 24, kinachoshuka karibu na 12 kikipewa mzigo, na boksi langu linahitaji 18. Halikuwa kosa la boksi. Siku mbili zilizobaki nilirudisha betri na mkutano ukaendelea, na hapo ndipo niliposhukuru kwamba waliolitengeneza hawakuiondoa nafasi ya betri.

Kijiwaya kile sasa kinakaa kwenye sanduku langu la vifaa, kimefungwa utepe wa njano, na kila ninapoitwa mahali penye miksa nisiyoifahamu ndicho kinachotoka kwanza. Pima bila mzigo, kisha pima ukiwa na mzigo. Namba ya pili ndiyo yenye maana, na hakuna tangazo la dukani linaloiandika.

Kabla hujanunua boksi la fantomu, hata hivyo, jiulize kama unalihitaji. Yapo maboksi ya DI yasiyokula chochote, yenye transfoma ndani tu: nyuzi za shaba zilizozungushwa kwenye chuma, upande mmoja ukiingiza na upande mwingine ukitoa, na nguvu yote ikitoka kwenye ishara yenyewe. Kwa kinanda, ambacho hutoa ishara yenye nguvu, boksi la transfoma ni chaguo bora kuliko la fantomu, na ninasema hivyo bila kusita. Halina cha kuharibika, linatenganisha kabisa kinanda na miksa, na mvumo wa jenereta hupungua mno. Shida inakuja kwenye gitaa lenye kinasa cha piezo chini ya daraja la nyuzi. Piezo hutengeneza volti kwa kubanwa, lakini ni dhaifu, haipendi kusukuma mzigo. Inataka kukutana na ukinzani unaokaribia mega-omu 1, ilhali boksi la transfoma humpa kitu kama kilo-omu 140. Matokeo yake besi hutoweka na sauti hubaki nyembamba kama ya redio ya mbao. DI100 imeandikiwa zaidi ya kilo-omu 250, ambayo si mega-omu moja, lakini kwa sikio langu na kwa gitaa letu tofauti inasikika waziwazi. Basi mgawanyo wetu ni kwamba gitaa linakwenda kwenye boksi linalokula fantomu, kinanda kinakwenda kwenye lile lisilokula kitu.

Transfoma ina kazi nyingine ambayo niliijua kwa gharama. Kijana mmoja wa timu yetu alitaka kupiga muziki wa simu kabla ya ibada, akachukua waya aliolehemu nyumbani, jeki ndogo upande mmoja na XLR upande wa pili, akachomeka moja kwa moja kwenye chaneli ya maikrofoni. Miksa nyingi zina kitufe kimoja cha fantomu kwa chaneli zote au kwa kundi zima, nacho kilikuwa kimewashwa kwa ajili ya gitaa. Simu ilipelekewa volti ambazo haikuzaliwa kuzipokea kupitia tundu la spika za masikioni, na tundu hilo halikuzungumza tena. Waya uleule ukipita kwanza kwenye boksi la transfoma, volti za fantomu haziwezi kuvuka kwenda upande wa simu.

Kuhusu Cloudlifter CL-1 nitasema machache, kwa sababu kazi yake ni moja. Ni kikuzaji kinachokaa katikati ya waya, kinakula fantomu ya miksa, kinaongeza hadi desibeli 25, na hakiipitishi fantomu hiyo kwenda kwenye maikrofoni iliyo mbele yake. Kimetengenezwa kwa ajili ya maikrofoni zenye sauti ndogo, kama Shure SM7B ambayo huhitaji kukuzwa kwa desibeli zipatazo 60 mtu anaposema kwa sauti ya kawaida, na kwa ajili ya maikrofoni za ribon, ambazo utepe wake mwembamba wa chuma unaweza kuumizwa na fantomu ikipita kwenye waya mbovu. Tulipokuwa tukirekodi usomaji wa Neno katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, miksa yetu ilipofikishwa mwisho wa kukuza ilitoa mchirizo kama mafuta ya kukaangia. Kwa Cloudlifter niliweza kuirudisha nyuma, na mchirizo ukapungua hadi mama aliyekuwa akisoma akauliza kama nimezima mtambo. Kwa kwaya, hata hivyo, ni fedha iliyopotea. Mwimbaji wa sauti ya kwanza wa Kilimanjaro akisimama sentimita tano kutoka kwenye maikrofoni hahitaji kuongezewa chochote.

Jambo moja linalohusu vifaa vyote vya fantomu: shusha chaneli kabla ya kubonyeza kitufe cha 48V au kuchomoa waya, kisha subiri sekunde kadhaa. Kishindo kinachotoka usiposhusha kinaweza kupasua spika ndogo, na wazee walioketi mbele hawatakusamehe upesi.

WIDI Master ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa kuwa chakula chake kinatoka mahali ambapo sikudhani kuna chakula. MIDI ilitolewa rasmi mwaka 1983 kwa ajili ya kupeleka maagizo kati ya vinanda, yaani noti ipi imebonyezwa, kwa nguvu gani, na imeachwa lini, kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde. Haikukusudiwa kubeba umeme wa kulisha kifaa. Lakini katika plagi yake ya pini tano, pini ya 4 ya tundu la kutolea maagizo imeunganishwa na volti 5 kupitia rezista ya omu 220, ili kuwasha kitaa kidogo kilichofichwa ndani ya kinanda cha upande wa pili. Mwanga wa kitaa hicho ndio unaosomwa, na vinanda viwili havigusani kwa umeme. Ujumbe ukiwa haupiti, kitaa kimezimika na volti ziko pale tu zinasubiri, huku pini ya 2 ikiwa ardhi. Ukiipiga hesabu, kupitia omu 220 huwezi kuchota zaidi ya miliwati 28 hivi, ambacho ni kijiko cha chai. Bluetooth ya siku hizi isiyokula sana inashiba kijiko hicho.

Hivyo ndivyo kipachiko hiki kinavyoishi. Ni plagi yenye unene wa kidole gumba. Unaichomeka kwenye tundu la kutolea la kinanda, taa inawaka, na maagizo yanaruka hewani. Kina kipande cha pili chenye waya mfupi kwa ajili ya tundu la kupokelea, ikiwa unataka mawasiliano ya pande zote mbili. Yamaha nao walitoa chao, MD-BT01, kinachokula kwa njia hiyohiyo. Kipachiko changu cha WIDI Master kilikubali kinanda chetu cha zamani mara ya kwanza, na kwa mujibu wa CME kinakubali pia vinanda vipya vinavyotoa volti 3.3, ambavyo viliruhusiwa rasmi mwaka 2014 kwa kubadilisha rezista. Kinanda kikizimwa, nacho kinazimika. Hakuna kitufe cha kusahau.

Matumizi yetu hayana makuu. Mwalimu wa kwaya anapiga sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, kila moja peke yake, kompyuta iliyo kwenye meza ya miksa inazihifadhi kama MIDI, kisha mimi ninawatumia waimbaji kila mmoja na sehemu yake. Zamani kulikuwa na waya uliotambaa sakafuni kutoka kwenye kinanda hadi mezani kwangu, na kila Ijumaa kulikuwa na mtu wa kuukanyaga. Kutoka kinandani hadi mezani ni hatua kumi na nane, na sijapoteza noti. Kasoro niliyokutana nayo ni kwamba kipachiko kilikataa kuwaka kwenye waya mmoja wa bei rahisi wa kugeuza USB kuwa MIDI. Nilipoweka mita kwenye pini ya 4 ya waya ule nilikuta volti mbili na ushee, maana yake aliyeutengeneza alibana matumizi akijua kitaa cha upande wa pili kitawaka hivyohivyo. Uamuzi wangu ni uleule wa uwanjani Pasua: usimlaumu mgeni kabla hujakiangalia chungu cha mwenyeji.

Vifaa vya USB sikuvipima kwa kina, kwa kuwa mpango wake unajulikana: volti 5, miliampea 100 kabla ya kutambulishana na hadi 500 baada ya hapo kwa USB 2. Kompyuta ya mezani inamudu, simu nyingi hazimudu, na ukichomeka vitatu kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake wenyewe vinaanza kunyang'anyana.

Kwa hiyo, kwa kwaya yenye gitaa la piezo na miksa ya uhakika, nunua DI100 na uondoe betri lakini uibebe mfukoni. Kwa kinanda nunua boksi la transfoma na uache kufikiria umeme. Cloudlifter niachie mimi na chumba changu cha kurekodia. WIDI Master ningeinunua tena kesho, baada ya kupima pini ya 4.

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukikunja nyaya, Mwalimu alinisikiliza nikiyaeleza haya yote kwa vijana, akatikisa kichwa akiwa ameridhika kabisa, kisha akainua maikrofoni mbili za mkononi zisizo na waya.

“Na hizi, fundi, tumezitafutia jirani gani?”

“Hizo, Mwalimu,” nikamjibu, “tununue betri.”